Petroli ya Mama Furaha

Mwezi uliopita nilikutana na Mama Furaha katika mkahawa mmoja karibu na stesheni kuu ya Sydney, baada ya miaka mingi ya kutumiana salamu za Krismasi na picha za harusi za watu. Amestaafu kazi ya kutunza wazee, siku hizi anaishi Brisbane kwa binti yake, na alikuwa amekuja mjini kwa sherehe ya kanisa lao la zamani. Tulikumbatiana mpaka wateja wakageuka kututazama. Tukaletewa chai, na kabla sijamuuliza habari za magoti yake, alinikazia yale macho yake ya uchokozi akasema neno moja tu: "Petroli." Chai ilinipalia. Yeye naye alicheka hadi akachukua kitambaa cha mezani kufuta machozi, na mzungu wa meza ya pili akahamisha kiti chake kidogo. Nilipopanda treni ya kurudi Campbelltown, safari ambayo humpa mtu muda wa kufikiria kila kitu mara mbili, niliamua kuuandika mwaka ule kabla hatujaanza kuusahau, au mbaya zaidi, kabla hatujaanza kuupamba.

Nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wangu wa pili, na nilipanga chumba nyumbani kwa Mama Furaha kule Minto, pembezoni mwa Sydney. Yeye ni Mkongomani wa Uvira, mimi ni Mkenya wa Limuru, na tulipatana tangu siku ya kwanza kwa sababu wote wawili tunaongea sana. Lakini nyumba yenyewe! Mtu wa Limuru hatishwi na baridi; nimekua nikivaa sweta mbili kwenda shule. Baridi ya Sydney ni nyingine. Nje jua linawaka, watu wanatembea na kaptura, halafu unaingia ndani unakuta baridi imekaa sebuleni inakungoja. Kuta nyembamba, madirisha ya kioo kimoja, sakafu ya mbao yenye nafasi chini ambapo upepo unapita unavyotaka. Jikoni asubuhi niliona pumzi yangu mwenyewe nikikoroga chai. Ndugu zangu waliponipigia simu na kuniambia, "Wewe si uko Australia kwenye jua," nilikuwa nawajibu nikiwa nimevaa kofia ya sufu kitandani. Waliojenga nyumba zile waliamua kwamba majira ya baridi hayapo, na sisi wapangaji tukaachiwa kuyabeba.

Mwezi wa sita, wakati mbaya kuliko yote, ndipo aliwasili Koko. Wakongomani humwita bibi Koko, nasi wote tukamwita hivyo. Alikuwa mama yake Mama Furaha, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene, aliyekuwa amekaa kambini miaka mingi akingojea viza huku binti yake akijaza karatasi, akikataliwa, na kujaza tena. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege na nyimbo na maua. Wiki ya kwanza alitabasamu. Wiki ya pili alihamia kitandani. Mama Furaha alikuwa amemnunulia hita ya umeme ya chumbani, mimi nikawa na yangu, yeye na yake, na hivyo kila mtu alifunga mlango wake ili asipoteze joto. Sebule ikabaki na kochi na televisheni iliyozimwa. Koko alikula bugali na sombe, yaani ugali na kisamvu, kitandani, sahani juu ya blanketi, amevaa koti alilopewa na kanisa. Nikimpelekea chai aliniuliza kama kumepambazuka, kwa sababu mapazia hakutaka yafunguliwe. Mimi nilikuwa nasomea mambo ya wagonjwa, nikaandaa maswali ya kikazi juu ya mapafu na mzunguko wa damu. Aliyajibu yote vizuri na kusema hana ugonjwa.

Ukuta kati ya chumba changu na chake ulikuwa wa zile mbao za chokaa zisizozuia hata kikohozi, kwa hiyo asubuhi moja, Mama Furaha akijiandaa kwenda kazini, nilisikia kila neno. "Mutoto wangu, unirudishe," Koko alisema. "Minakuomba. Kule kwetu minalikuwa maskini, lakini mwili yangu ilikuwa na moto. Hapa minalala tu, niko sawa mutu ameshaingia mu kaburi, anangoja bamufunike." Nilisikia kitanda kikilia, Mama Furaha ameketi. Kisha akasema, "Mama, ukirudi, viza ile haitatoka tena. Sitakuona tena, unasikia?" Koko akajibu kwa upole, "Utaniona ku telefone." Nilijua tayari amempigia mwanawe wa kiume aliyebaki Uvira, akamwambia amsafishie chumba. Na nilijua Mama Furaha hangemkatalia mama yake, kwa sababu alinikuta jikoni, akaketi na sare yake ya kazi, akasema, "Wambui, mwezi hii ikiisha na nyumba bado iko baridi sawa frigo, nitamukatia tiketi. Siwezi kumufunga mama yangu." Nililia mimi, ambaye hata si ndugu.

Basi Jumapili ile, baada ya ibada, tulikaa mezani na sombe ya Mama Furaha, ile anayoipika na mawese na samaki wadogo wakavu, tukalijadili suala la joto kwa umakini ambao wengine huupa siasa. Mwangi alikuwepo. Huyu alikuwa Mkenya mwenzangu, shemasi wa kanisa, kapera, mwenye pikapu ndogo ya kubebea vifaa vya usafi wa maofisi ya mjini, na mtu wa kujitolea kwa lolote. Mama Furaha alimwita Papa Mwangi kwa heshima ya Kikongo, na yeye, ambaye hakuwa na mtoto wala mchumba, alikuwa akijinyoosha kila akiitwa. Tulianza na umeme. Ulikuwa unakula mshahara wa Mama Furaha na bado unatutenganisha vyumbani. Gesi ya mtungi ilikuwa rahisi, lakini hita ile haina bomba la kutoa hewa nje, kuta zinatoka jasho, na mimi na vitabu vyangu nikaipinga. Kuni? Hakuna pa kuziwashia. Koko alipaza sauti kutoka chumbani, maana milango ilikuwa wazi kwa ajili ya harufu ya chakula, akataka mbabula, yaani jiko la makaa, liwekwe chini ya kitanda chake kama alivyozoea. Mwangi akasema makaa ya nyama choma yapo dukani hapo tu. Niliinuka. Niliwaeleza hewa ya makaa ndani ya chumba kilichofungwa inavyoua bila harufu na bila kelele, na nikasema ikiingia mbabula kwa mlango ule mimi natoka na kuita zimamoto. Mama Furaha aliniambia niketi nimalize chakula.

Ndipo Mwangi akaonyesha kwa kijiko kitu ambacho tulikuwa tumekiwekea maua ya plastiki juu yake. Kwenye ukuta wa sebule lilikuwepo sanduku kubwa la chuma, rangi ya kahawia, lenye kidirisha cha kioo mbele na bomba lililopenya ukutani hadi juu ya paa. Kwa nje, upande wa uzio, kulikuwa na tangi juu ya miguu mirefu. Kumbe ilikuwa hita ya mafuta, ya zamani zile ambapo watu wa huku waliletewa mafuta ya kupashia nyumba na lori. Mama Furaha alimpigia wakala wa nyumba, akajibiwa kwamba inapaswa kufanya kazi, neno ambalo mawakala wa nyumba hulipenda sana. Moto mmoja, sebule moja, moshi unatoka nje. Wote tulikubaliana hapo hapo. Tukagawana kazi: mimi mwenye Kiingereza cha chuo nitafute muuzaji wa mafuta, na Mama Furaha atafute kiasi kidogo cha kujaribia, kwa sababu wauzaji hawaji kwa lita mbili tatu, na hatukutaka kujaza tangi la hita iliyokufa.

Sasa lazima nieleze neno moja, maana lilikaribia kutumaliza. Kwenye kibandiko cha ile hita kuliandikwa kwa Kiingereza kwamba inatumia mafuta ya kupashia nyumba au mafuta ya taa. Mama Furaha alikisoma vizuri kabisa. Lakini kwao Kongo, mafuta ya taa huitwa petroli, Kifaransa hicho, na yale ya gari huitwa esansi. Kwetu Kenya petroli ni ya gari, hakuna mjadala. Mama Furaha akachukua simu akampigia Mwangi, Mkenya, akamwambia, "Papa Mwangi, utuletee petroli kidogo ya kujaribu chauffage," yaani ile hita. Na Papa Mwangi, kwa moyo wake mweupe, akapita servo, kituo cha mafuta cha barabarani, akajaza jerikeni.

Jumamosi alasiri nilikuwa jikoni na simu. Nilikuwa nimejiwekea sharti la kulinganisha wauzaji watatu, kwa sababu chuoni tulifundishwa kutoamua kwa maoni ya mtu mmoja. Wa kwanza hakuwa anafika Minto. Alilitamka jina la mtaa wetu utadhani ni ng'ambo. Wa pili alikuwa binti mchangamfu, bei nzuri, lori lingekuja Jumatatu, alichohitaji ni anwani na namba ya kadi tu. Moyoni nilishamchagua. Wa tatu nilimpigia ili baadaye niweze kujisifu kwamba nililinganisha. Alipokea mwenye biashara mwenyewe, mzee, mbwa akibweka nyuma yake, bei yake juu, na badala ya kuniuzia mafuta akaanza kunihoji. Hita ni ya aina gani? Tangi liko juu ya miguu au limefukiwa? Limekaa bila kazi muda gani? Nilijibu huku nikichokonoa kucha zangu. Sebuleni niliona Mama Furaha amepiga magoti mbele ya hita, amefungua kile kimfuniko, mkononi ana kiberiti. Koko alikuwa ametolewa kitandani kwa heshima ya tukio hili na kukalishwa kwenye kochi na blanketi mbili. Mwangi alikuwa amesimama nyuma yao na kipande cha mkate. "Inanuka kama gari," Koko alilalamika. Mama Furaha akamwambia ni nguo za Papa Mwangi, amekuwa akiendesha.

"Na ndani ya tangi kuna nini sasa hivi?" mzee wa simuni akaniuliza.

Nikamwambia hakuna kitu. Akaniuliza kama nina hakika. Kwa kweli aliniudhi. Nikatoa kichwa mlangoni nikauliza, "Mama Furaha, kuna kitu kwenye tangi?"

"Ndiyo, iko petroli. Papa Mwangi ametia."

Na mimi, mtafsiri mwaminifu, nikarudisha simu mdomoni nikamwambia mzee: petrol. Nilimsikia akimfukuza mbwa. Kisha yule mzee akasema polepole, kwa sauti ambayo sasa mimi mwenyewe huitumia wodini hali ikiharibika, "Binti, kuna mtu yeyote karibu na hicho kitu akiwa na moto?"

Niligeuka. Njiti ilikuwa imeshawaka, na mkono wa Mama Furaha ulikuwa unaingia kwenye hita. Nilipiga kelele ya zima, zima, lakini hofu ilinirudisha utotoni na ilinitoka kwa Kikuyu. Mama Furaha alinitazama akishangaa, mkono pale pale. Mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile alielewa, naye ni Mwangi. Aliinama juu ya bega la Mama Furaha na mkate wake mdomoni, akapuliza njiti ikazimika. Mkate ulidondoka. "Kwani ni nini?" akauliza.

Tulitoka wote nje, Koko amebebwa pamoja na blanketi zake, tukasimama kwenye nyasi. Mzee alinielekeza kwa simu kufunga valvu ya tangi, kufungua madirisha kwa nje, na kutogusa swichi yoyote, na akasema anakuja. Tukimngoja, ilizuka kesi. "Nilikuambia petroli!" Mama Furaha alisema. "Na si nimeleta petroli!" Mwangi akajibu. "Hata risiti iko, imeandikwa unleaded." Mama Furaha akashika kichwa. "Lakini hiyo ni esansi! Esansi ya gari! Ulitaka kutulipua?" "Mama Furaha, bana, petroli ni petroli. Ungesema mafuta ya taa ningejua." "Taa gani? Mimi sina taa, niko na chauffage!" Niliwaeleza, nikarudia, na nilipofika mara ya tatu Mama Furaha aliketi chini kwenye nyasi. Alisema, "Nilimutoa kambini nimulete hapa, nimuchome." Mwangi aliketi kando yake naye akalia waziwazi, shemasi mzima. Koko akawatazama wote wawili, akatoa blanketi moja kati ya zake mbili, akawafunika.

Yule mzee wa mafuta alifika na lori dogo na sura ya mtu asiyecheka akiwa kazini. Hakutukaripia. Alinyonya petroli yote kwa pampu yake, akaisafisha njia ya mafuta, akaacha kila kitu wazi kikauke, na kesho yake akarudi. Kwenye bomba la paa alitoa kiota cha ndege kilichojaa mkono mzima. Kisha ndipo akatia mafuta yake. Nimesikia watu wengi wakichagua wauzaji kwa bei, na sina ugomvi nao, mimi pia napenda bei nzuri. Lakini tangu siku ile, nikitafuta fundi, daktari au hata shule ya mtoto, nasikiliza kwanza wanachoniuliza. Asiyeniuliza kitu simpi kazi. Wanangu wananicheka, wananijibu kwa Kiingereza kwamba mama anafanyia watu mtihani. Ni kweli, na wengi wanafeli.

Kabla hajaondoka, mzee alitaka kumfundisha mtu anayeshinda nyumbani namna ya kuiwasha. Mchana kutwa mimi niko chuoni, Mama Furaha kazini, alibaki Koko. Walipiga magoti wawili, yeye bila Kiswahili na Koko bila Kiingereza, akamwonyesha valvu, akamwonyesha kusubiri mafuta yaingie kidogo, akamwonyesha karatasi iliyowashwa inavyodondoshwa ndani. Koko alimzuia mkono alipotaka kumaliza haraka, akataka aanze upya. Mara ya pili alifanya mwenyewe. Moto ulishika kwenye kidirisha, wa buluu kisha wa manjano, na kile chuma kikaanza kutoa milio midogo ya kupata joto. Mwangi alisema tu, "Aisee."

Jioni zilizofuata zilibadilika bila mtu kutangaza. Hita za umeme zilichomolewa. Vyumbani kulikuwa na baridi ya kuua, kwa hiyo tulihamia sebuleni sote, mimi na vitabu vyangu sakafuni, Mama Furaha na miguu yake ndani ya beseni, Mwangi akipita kila mara kwa sababu ambazo zilizidi kuwa dhaifu. Nilijifunza anatomia nikisikiliza habari za soko la Uvira, nani alimwibia nani mume, na mtihani nilifaulu vizuri. Tulianzisha lugha ya nyumba: petroli ya Kenya, petroli ya Kongo, na anayesema petroli peke yake anaosha vyombo. Koko alikula mezani. Lakini juu ya tiketi hakusema ndiyo wala hapana, na Mama Furaha hakuthubutu kumuuliza. Kadiri mwezi ulivyosogea mwishoni, alipunguza maneno, na aliporudi kutoka kazini alikuwa anasimama kwanza mlangoni na kumtafuta mama yake kwa macho kabla hajavua viatu.

Simu ilipigwa jioni moja, mtoto wa kiume kutoka Uvira, na Koko, ambaye hakuwahi kuamini simu ya kuweka sikioni, aliiweka juu ya meza na sauti wazi. Mama Furaha ndiyo kwanza alikuwa anaingia, koti bado mwilini, funguo mkononi. Akasimama pale pale. "Mama," kaka yake alikuwa akisema, "chumba kiko tayari, tumepaka hata rangi. Unakuja siku gani?" Koko alikuwa amepiga magoti mbele ya hita, anageuza valvu taratibu, hakugeuka kutazama mlango.

"Nirudie kufanya nini?" alisema. "Dada yako anatoka kazi na baridi mpaka mu mifupa. Nani atamuwashia moto?"

Mama Furaha alipita nyuma yetu hadi jikoni na koti lake, akafungua bomba la maji hadi mwisho ili tusimsikie, na sinki lilikuwa halina chombo hata kimoja.